Pambo lililomeza kilo: siku 11 za kupamba objekti za Django kiotomatiki

Kwa siku 11 mfumo niliouunda kwa mikono yangu uliwaambia makarani wa mwaloni kwamba marekebisho yao ya uzito yamehifadhiwa, huku hifadhidata ikiendelea kushika namba zilezile za makosa. Hakukuwa na ujumbe wa hitilafu, seva haikuanguka, na majaribio yetu yote yalipita. Ninaandika kwa ajili ya msanidi programu ambaye, kama mimi wakati ule, amechoka kuzipamba objekti moja moja katika kila ukurasa, yaani kuzivika sura ya kuonyeshwa kwa mtumiaji, na sasa anatafuta namna ya kuifanya ORM, ile sehemu inayogeuza mistari ya hifadhidata kuwa objekti, imfanyie kazi hiyo yenyewe.

Sisi ni wawili, mimi na mwenzangu niliyesoma naye, na ofisi yetu ni chumba kimoja cha kupanga huku Isamilo, jijini Mwanza, mahali ambapo ukitoka mlangoni unakutana na mawe kabla ya kukutana na njia. Mteja wetu hununua sangara na dagaa kutoka mialo kadhaa ya upande wa Sengerema na Ukerewe. Samaki hupimwa mwaloni, karani huingiza uzito kwenye simu, mvuvi hupewa risiti inayochapwa na mashine ndogo ya mkononi, na malipo hufuata baada ya kukatwa gharama za barafu, ushuru, na mkopo wa mafuta kama upo. Mfumo wote umeandikwa kwa Python juu ya Django, kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti, na data iko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kila upokeaji wa samaki ni mstari mmoja wa jedwali, na mstari huo ukisomwa hugeuzwa kuwa objekti moja ya modeli (klasi inayoliwakilisha jedwali) tuliyoiita Pokeo.

Risiti haiwezi kumwonyesha mvuvi data kama hifadhidata inavyoitunza. Namba 1284500.00 lazima isomeke kama shilingi 1,284,500. Jina lazima liwe la herufi kubwa kwa sababu mashine ile huchapa herufi ndogo kwa ukungu. Na kwa kuwa hairuhusiwi kuvua sangara asiyefikia sentimita 50, shehena yenye samaki mfupi zaidi ya hapo lazima itokee na alama ya onyo. Mambo haya si ya modeli, maana modeli inapaswa kujua uzito na bei, si upana wa karatasi ya risiti. Wala si ya kiolezo, yaani faili linalopanga mwonekano wa ukurasa, kwa sababu yangeandikwa upya katika kila ukurasa. Mahali pake ni kwenye dekoreta, yaani objekti ya pili inayoivika ile ya kwanza, ikiongeza sifa za maonyesho na kuyapitisha mengine yote kwa objekti iliyo ndani. Nisieleweke vibaya: sizungumzii zile dekoreta za Python zinazoandikwa kwa alama ya @ juu ya kazi, ambazo zimechukua jina lilelile na kuwachanganya wanafunzi wengi. Hapa nitaiita pambo.

Mwanzoni tulipamba kwa mkono. Kila ukurasa uliosoma mapokeo ulipaswa kuandika PamboLaPokeo(pokeo) kabla ya kukabidhi data kwa kiolezo. Kati ya kurasa 23, nne zilisahauliwa, na mojawapo ilikuwa ya risiti za marudio. Mvuvi mmoja akapewa karatasi mbili za mzigo mmoja zisizofanana, akazipeleka zote kwa mhasibu wa mteja, mama mtu mzima ambaye tangu mwanzo hakuwa na imani kubwa na mambo ya simu. Jioni hiyo nilimwambia mwenzangu kwamba kitu kinachotegemea kumbukumbu ya binadamu kitasahaulika tena, hivyo kila modeli itangaze pambo lake la kawaida, na Django yenyewe ilivalishe pambo hilo kila inaposoma mstari. Yeye alisita. Mimi nilikuwa nimeshafungua kompyuta.

Django ina mlango mmoja ambao objekti zote zinazosomwa kutoka kwenye hifadhidata hupitia, nao ni mbinu ya klasi iitwayo from_db, iliyoongezwa katika toleo la 1.8 la mwaka 2015. QuerySet, yaani ulizo la Django kwa hifadhidata, ikipokea mstari huita from_db, nayo huunda objekti, huweka alama kwamba imetoka kwenye hifadhidata, kisha huirudisha. Niliandika klasi mama ambayo from_db yake ilikuwa inarudisha pambo lenye objekti ndani badala ya objekti tupu. Ilikuwa mistari sita tu. Pambo lenyewe lilikuwa na mbinu ya __getattr__, ambayo Python huiita pale tu sifa inapokosekana, ili ombi lipelekwe ndani. Niliondoa kupamba kwa mkono katika kurasa zote nikajiona fundi.

Tulipandisha toleo hilo wakati wa mbalamwezi. Huo ulikuwa utaratibu wetu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika, kwa hiyo mapokeo hupungua na kosa likitokea huumiza wachache. Sasa nauona utaratibu huo kwa jicho jingine. Siku zenye watu wachache huficha makosa yanayohitaji wingi ili yaonekane, na kosa likija kuonekana giza linakuwa limeingia na mialo imejaa.

Dalili ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Sehemu ya chini ya risiti, palipopaswa kuwa na maelezo mafupi ya mzigo, palichapwa maneno kama <Pambo object at 0x7f3a...>. Mvuvi mmoja akauliza kwa heshima kama hiyo ndiyo kontrol namba ya kulipia ushuru. Sababu ni tabia ya Python ambayo nilikuwa nimeisoma na kuisahau: mbinu maalumu kama __str__ na __eq__ hutafutwa kwenye klasi ya objekti, si kwenye objekti yenyewe, na kwa kuwa kila klasi huzirithi tayari, __getattr__ haiulizwi kamwe. Pambo lilijichapa lenyewe badala ya kumchapa aliye ndani. Kwa sababu hiyohiyo, mapambo mawili ya mzigo mmoja yalihesabika kuwa vitu viwili tofauti. Niliandika mbinu hizo kwa mkono na kuendelea.

Dalili ya pili ilikuwa ya uaminifu kabisa, nami nikaiziba mdomo. Modeli ya makato inarejelea modeli ya Pokeo, na tulipojaribu kuunda kato jipya kwa kuikabidhi pokeo lililopambwa, Django ilikataa kwa ValueError, ikisema kwamba nafasi hiyo lazima ijazwe na objekti ya Pokeo. Ilikuwa inasema kweli: kile nilichoishikisha hakikuwa Pokeo. Msanidi mwenye subira angesimama hapo na kujiuliza kama ni sahihi kitu kisicho Pokeo kuzunguka kila mahali kikijifanya Pokeo. Mimi nilikumbuka hila. Pambo linaweza kutangaza sifa ya __class__ inayorudisha klasi ya aliye ndani, na isinstance, kipimo cha Python cha kujua kitu ni cha klasi gani, hukubali jibu hilo. Nikaiandika, ValueError ikatoweka. Makosa yangu mengine yote katika kisa hiki ni ya kutojua. Hili peke yake nililifanya nikiwa najua ninachokificha.

Siku ya 11 mhasibu alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mzigo mmoja nimeusahihisha mara tatu. Karani aliandika kilo 84.5, kwenye kauntabuku ni 48.5. Naandika 48.5, mashine yenu inaniambia sawa, nikirudi kesho nakuta 84.5. Sasa niambie, nani anairudisha?"

Nilimjibu kwamba huenda ukurasa ni wa zamani kwenye kashe ya kivinjari chake. Jibu hilo hutoka mdomoni mwetu kabla hatujafikiri, na bado linaniaibisha. Usiku huo niliufungua mfumo mwenyewe, nikabadilisha uzito, nikaona uthibitisho, nikauliza hifadhidata moja kwa moja kwa SQL, nikaikuta 84.5 imetulia mahali pake.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Pambo lilipitisha ndani usomaji, lakini sikuwa nimeandika chochote kuhusu uandishi. Mtu akisema pokeo.uzito = 48.5, Python huiweka sifa hiyo juu ya pambo, wala haiifikishi kwa objekti iliyo ndani. Fomu ya Django hufanya hivyohivyo: huchukua data iliyohakikiwa, huiweka juu ya objekti iliyopewa, kisha huita save. Lakini save haikuwa mbinu ya pambo. Ilipitishwa ndani, ikaendeshwa na objekti halisi ambayo haikuwa imeambiwa lolote, nayo ikahifadhi kwa bidii uzito wake wa zamani. Ukurasa wa uthibitisho ulisoma kutoka kwenye pambo, hivyo ukaonyesha 48.5. Majaribio yetu nayo yalikagua objekti iliyorudishwa na fomu, ambayo ni pambo lilelile, hivyo yakaridhika. Ikiwa utachukua jambo moja tu la kiufundi hapa, chukua hili: jaribio la kuhifadhi lisome upya kutoka kwenye hifadhidata kwa ulizo jipya kabla halijalinganisha chochote.

Kulikuwa na marekebisho saba yaliyomezwa hivyo ambayo malipo yake yalikuwa yameshatoka. Tuliyapata kwa kulinganisha kauntabuku za makarani na jedwali, mstari kwa mstari, mimi nikivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda upande wa Sengerema, na mwenzangu akipanda meli ya Ukerewe. Jumla ya tofauti ilikuwa shilingi 1,386,000. Waliopunjwa tulihakikisha wamelipwa siku hiyohiyo; waliozidishiwa mteja aliona haya kuwadai kwa kosa lisilo lao, nasi tukaona haya kumwachia mzigo huo, tukaulipa. Kwa ofisi ya watu wawili hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi. Mwenzangu hakunilaumu kwa maneno. Alikuwa ananipa chai bila kuniangalia, kwa muda wa wiki nzima.

Badala ya kuondoa wazo lote, nilitengeneza __setattr__ ili uandishi nao upitishwe ndani. Hapo ndipo kosa la pili lilipojitokeza, na hili lilikuwa baya zaidi kwa sababu liliharibu data iliyokuwa sahihi. Pambo la modeli ya Mvuvi lilikuwa limefunika sifa ya jina kwa kulirudisha katika herufi kubwa, kwa jina lilelile la safu ya jedwali. Katika hatua za malipo tulikuwa tunaita refresh_from_db ili kupata hali mpya ya mvuvi. Mbinu hiyo husoma mstari upya kama objekti ya muda, kisha hunakili sifa zake moja baada ya nyingine kwenda kwenye objekti ya zamani. Objekti ile ya muda nayo ilikuwa imepita from_db, kwa hiyo ilikuwa imepambwa, na kilichonakiliwa kwenye objekti halisi kilikuwa jina lililopambwa. Save iliyofuata ikaliandika kwenye jedwali. PostgreSQL hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kisanduku chetu cha kutafuta mvuvi kilitafuta jina kama lilivyoandikwa. Karani akatafuta, akakosa, akamsajili upya. Wavuvi kadhaa waliokuwa na madeni ya mafuta wakazaliwa mara ya pili bila deni, na sidhani kama kuna aliyelalamika.

Wakati huohuo kurasa za orodha zilikuwa zimepungua kasi, nasi tukazisingizia mtandao wa simu. Kumbe prefetch_related, ambayo kazi yake ni kuleta makato ya mapokeo yote kwa ulizo moja la ziada, ilikuwa imeweka ghala lake juu ya pambo tangu siku ya kwanza, huku msomaji wa makato akilitafuta ndani ya objekti halisi. Akilikosa, anauliza hifadhidata upya kwa kila pokeo. Tulikuwa tunalipia ulizo la kuleta yote pamoja na kisha maulizo ya kuleta moja moja. Bila ile hila yangu ya __class__, Django ingegoma waziwazi kwamba kitu hiki hakiwezi kuletewa kwa mtindo huo. Nilikuwa nimeifundisha kunyamaza.

Jaribio la pili nitalieleza kwa ufupi kwa sababu liliishi siku mbili. Niliacha kuvika objekti, nikatumia ishara ya post_init, ambayo Django huitoa kila objekti ya modeli inapoundwa, ili nihesabu maandishi ya maonyesho papo hapo na kuyaweka kwenye objekti kwa majina mapya. Angalau hiyo iliponya tofauti moja: from_db haiguswi na objects.create, hivyo pokeo lililoundwa sasa hivi lilikuwa tupu na lililosomwa baadaye limepambwa, ilhali post_init huwafikia wote wawili. Lakini maandishi yangu yalihitaji jina la mvuvi, ambalo liko kwenye jedwali jingine, kwa hiyo orodha ya mapokeo 640 ikatoa maulizo 641. Nyaraka za Django zinaonya waziwazi kwamba usiulize hifadhidata ndani ya ishara hiyo. Nilizisoma baada ya kuungua. Na ripoti iliyotumia only ili kupunguza safu ilianguka kabisa: kugusa safu ambayo haikusomwa huilazimisha Django kuunda objekti nyingine ya muda yenye safu hiyo pekee, objekti hiyo nayo hutoa ishara, mpokeaji wa ishara hugusa safu nyingine ambayo haipo, na mzunguko huendelea mpaka Python ikate tamaa kwenye kikomo chake cha kawaida cha miito 1000 iliyoitana.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza swali lililotutoa. Aliuliza ni nani hasa anayehitaji pambo. Tulipohesabu, jibu lilikuwa kiolezo peke yake. Fomu hazilihitaji, hesabu za malipo hazilihitaji, programu ya simu inayopokea JSON hailihitaji, na hao ndio waliokuwa wakiumia. Mimi nilikuwa nimeweka mpambaji kwenye mlango wa kuingilia, mahali ambapo kila kitu hupita, wakati mgeni anayetaka kuona mapambo yuko kwenye mlango wa kutokea.

Kwa hiyo modeli bado zinatangaza pambo lao la kawaida, na bado hakuna anayekumbushwa kupamba kwa mkono. Wazo hilo halikuwa baya. Kilichohama ni mahali pa kulitekeleza. Klasi mama ya kurasa zetu, kabla tu ya kukabidhi data kwa kiolezo, hupitia vitu vilivyomo, na kila objekti ya modeli au QuerySet huvikwa pambo lake, QuerySet ikipambwa kadiri inavyosomwa, bila kuharakishwa. Pambo hutafutwa kwa kufuata mlolongo wa urithi wa klasi, ili modeli wakilishi (proxy, zinazotumia jedwali la modeli nyingine) zipate pambo la mama yao bila kutangaza upya. Fomu haziguswi.

Pambo lenyewe limekuwa kali. Halina tena __class__ ya kuazima. Ukijaribu kuliandikia sifa yoyote, hutoa hitilafu hapo hapo. Ukiliita save, delete au refresh_from_db, hali kadhalika. Tuna jaribio linalochukua majina ya safu zote kutoka _meta, yaani maelezo ya kila modeli kuhusu muundo wake, na kuhakikisha kwamba hakuna sifa ya pambo yenye jina la safu, ndiyo maana leo tunaandika jina_la_risiti na uzito_wa_risiti, majina marefu yasiyopendeza ambayo hakuna anayeweza kuyachanganya na data. Jaribio jingine hutumia assertNumQueries, inayohesabu maulizo ya hifadhidata, juu ya ukurasa wa orodha, mara moja kwa mapokeo matatu na mara moja kwa 30, na idadi ya maulizo lazima ibaki ileile.

Yapo mapungufu. Kiolezo kikimfikia mvuvi kupitia pokeo, pambo huvalisha na huyo pia, lakini orodha ya makato inayoitwa ndani ya kiolezo hurudi bila pambo mpaka tuiandikie sifa yake. Tena kiolezo cha Django hakipigi kelele kikikosa sifa. Huacha nafasi wazi tu, na risiti yenye nafasi wazi palipo na uzito ni mbaya kuliko yenye namba ghafi. Kwenye mazingira ya majaribio tumeweka string_if_invalid ili nafasi kama hiyo ijazwe neno la kutisha.

Ripoti ya mhasibu ndiyo pekee ambayo hatukuigusa. Inatolewa kwa values_list, ambayo haiundi objekti kabisa, kwa hiyo haijawahi kupambwa katika toleo lolote kati ya hayo yote, na hata katika zile siku 11 ilikuwa inatoa kilichomo kwenye jedwali. Nilijitolea kuipanga vizuri, niweke alama za mkato kwenye shilingi na majina ya herufi kubwa kama kwenye risiti. Mama alikataa. Alisema namba zenye mkato Excel yake inazifanya maneno, na maneno hayajumlishiki.